Je, Wajua? Zinki, Titani na Ngozi ya Kichanga

Je, wajua kwamba zinki iliyomo kwenye losheni ya jua ya watoto ni metali ileile ambayo kliniki humpa mtoto anapoharisha? Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri kila mtoto mwenye kuhara apewe zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini: miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi 6, miligramu 20 akishapita hapo. Ile ya kidonge ni chumvi ya zinki inayoyeyuka kwenye kijiko cha maziwa ya mama. Ile ya losheni ni zinki oksaidi, unga mweupe mgumu kuyeyuka, unaokaa juu ya ngozi hadi uoshwe. Kwa hiyo yule anayeiogopa tyubu kwa sababu tu imeandikwa jina la metali, huenda metali hiyohiyo alishamlisha mwanawe kwa mkono wake, na mtoto akapona.

Je, wajua kwamba kati ya viambato 16 vya kukinga jua vilivyokuwa vikiuzwa Marekani, ni 2 tu vilivyopita mchujo? Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ilipendekeza kanuni mpya: zinki oksaidi na titani dioksaidi vihesabiwe salama na vyenye kufanya kazi, kila kimoja kisizidi asilimia 25 ya losheni. Viwili vingine, PABA na trolamini salisileti, vilikataliwa. Vile 12 vilivyobaki havikuitwa sumu. FDA ilisema tu kwamba ushahidi wake haujatosha, ikataka watengenezaji walete zaidi. Mwaka 2021 ikarudia msimamo huohuo.

Hapo ndipo sifa ya losheni za madini, yaani zenye zinki au titani, ilipokolea, na ndipo watu wengi wanapoacha kusoma. Maana FDA hiyohiyo inasema mtoto wa chini ya miezi 6 kwa kawaida asipakwe losheni yoyote ya jua, hata hii ya madini. Akae kivulini.

Kwa nini? Si kwamba zinki inageuka sumu siku moja kabla ya miezi 6 kutimia. Ngozi ya kichanga ni nyembamba kuliko yetu, na eneo lake ni kubwa mno ukililinganisha na uzito wake, hivyo chochote kinachopenya kinakuta mwili mdogo wa kukigawana. Halafu kuna joto: mtoto wa umri huo hajui kutoa jasho vizuri, hawezi kuomba maji, hawezi kusogea akiunguzwa. Mzazi aliyempaka losheni anajiona kamaliza kazi na kumwacha juani, na mtoto anaweza kuishiwa maji mwilini bila ngozi yake kubadilika rangi hata kidogo. (Anayenyonya tu haongezewi maji hata siku ya joto kali, ananyonyeshwa mara nyingi zaidi.)

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinaacha mlango mdogo wazi. Ikiwa hakuna kivuli na hakuna nguo ya kutosha, mtoto wa chini ya miezi 6 anaweza kupakwa kidogo, sehemu ndogo tu: usoni na nyuma ya viganja.

Je, wajua kwamba metali hizi mbili zimechimbwa wanakozungumza Kiswahili? Mchanga mzito wa Kwale, kusini mwa Mombasa, ulisafirishwa nje kuanzia 2014 hadi kampuni ya Base Titanium ilipofunga uchimbaji mwishoni mwa 2024. Ndani yake mlikuwa na ilmenaiti na rutili, na rutili yenyewe ni titani dioksaidi ya asili. Sehemu kubwa ya titani ya dunia huishia kwenye rangi za kuta na plastiki nyeupe. Losheni huchukua kijisehemu tu. Upande wa zinki kuna Kipushi, karibu na Lubumbashi: mgodi uliofunguliwa 1924, ukalala 1993, ukaamka tena 2024, nao unasifika kwa utajiri wa zinki kwenye mawe yake.

Ila neno “madini” kwenye kopo halina maana ya kitu kilichochotwa ardhini na kusagwa. Zinki oksaidi ya dawa na vipodozi hutengenezwa kiwandani na kusafishwa, maana mawe ya zinki hukaa jirani na risasi na kadimiamu, na hizo ndizo hutaki zimfikie mtoto.

Je, wajua kwamba ile hadithi ya “losheni ya madini ni kioo kinachorudisha jua” si kweli? Mwaka 2016 watafiti walipima, wakakuta zinki oksaidi na titani dioksaidi hurudisha kama asilimia 4 hadi 5 tu ya mionzi ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV. Iliyobaki huimeza na kuigeuza joto dogo lisilohisika. Yaani kazi yake haitofautiani sana na ya vichujio vya kemikali, vile visivyo vya madini. Kinachotofautisha ni kwamba chembe hizi hazipendi kusafiri: hubaki kwenye tabaka la juu la ngozi, lile la seli zilizokufa.

Na vile vingine vinasafiri? Vinasafiri. Mwaka 2019 na 2020 watafiti wa FDA walichapisha majaribio mawili katika jarida la JAMA, la kwanza likiwa na watu 24 na la pili 48, wote watu wazima. Vichujio vya kemikali kama oksibenzoni na avobenzoni vilionekana kwenye damu kupita kiwango ambacho FDA huanza kudai vipimo zaidi. Kuonekana kwenye damu si kudhuru, na watafiti wenyewe hawakuwaambia watu waache kujipaka. Hata hivyo kwa mtoto wa mwaka mmoja, mwenye zinki mkononi kama chaguo lingine, sioni sababu ya kubahatisha.

Je, wajua neno “nano” lina maana gani kwenye pakiti? Chembe za kati ya nanomita 1 na 100. Hupondwa hivyo ili losheni isimfanye mtu aonekane kapakwa chokaa. Umoja wa Ulaya unalazimisha neno hilo liandikwe kwenye orodha ya viambato. Hofu ni kwamba chembe ndogo hivyo zinaweza kupenya ngozi. Australia, nchi isiyofanya mzaha na jua, ilipima: mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya watu 20 waliopakwa kwa siku 5 ufukweni losheni yenye zinki iliyotiwa alama, ili ijulikane ikionekana popote. Ilionekana kwenye damu na mkojo, ila kidogo sana ukilinganisha na zinki ambayo kila mwili unayo tayari. Kipimo hakikuweza kusema kama ni chembe nzima zilizopita au ni zinki iliyoyeyuka, na hawa walikuwa watu wazima wenye ngozi nzima. Mzazi asiyetaka kubahatisha anayo njia rahisi: losheni isiyo ya nano, ikubalike kwamba itaacha weupe.

Weupe huo, tuseme ukweli, ndio unaowakimbiza mama wengi wa huku. Kwenye ngozi nyeusi zinki huonekana kama majivu. Suluhisho lake ni oksaidi za chuma, zile zenye rangi nyekundu, njano na kahawia, zinazochanganywa ili losheni ishabihiane na ngozi. Na hilo si jambo geni: losheni ya kalamini, ile ya waridi wanayopakwa watoto wenye tetekuwanga, ni zinki oksaidi iliyotiwa oksaidi ya chuma kidogo. Waridi wake unatoka hapo.

Je, wajua kwamba mapafu yanaogopa unga huu kuliko ngozi? Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka titani dioksaidi kundi la 2B, maana yake “huenda inasababisha saratani kwa binadamu”, na watu hulitaja hilo kana kwamba linahusu losheni. Ushahidi ulitoka kwa panya waliovutishwa vumbi lake kwa wingi. Vumbi, si krimu. Ndiyo maana kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya inayochunguza vipodozi haikubali chembe nano za zinki na titani zitumike kwenye bidhaa zinazoweza kuzifikisha kwenye mapafu, kama dawa za kupuliza.

Kwa mtoto, basi, kanuni ni fupi kuliko zote zilizomo humu: krimu au kijiti, ndiyo; ya kupuliza, hapana; ya unga, hapana. Na wale wanaonunua unga wa zinki na kuukoroga jikoni na siagi ya shea, mtoto akiwa pembeni, wanafanya makosa mawili kwa pamoja. Mtoto anavuta vumbi. Halafu chembe zisiposambazwa sawasawa kwa mashine huganda mabonge, hivyo sehemu moja ya shavu inakingwa na nyingine inaungua.

Krimu ya nepi nayo haifai kuwa losheni ya jua, hata ile yenye zinki asilimia 40. Zinki ipo tele, lakini hakuna aliyeipima kinga yake dhidi ya jua. Iache ifanye kazi yake huko chini, ambako imekuwa ikipakwa kwenye makalio ya watoto kwa vizazi kadhaa, tena kwenye ngozi iliyochubuka. Nikitakiwa kutaja ushahidi wa kila siku kwamba zinki oksaidi haina ugomvi na ngozi ya mtoto, nitataja huo.

Je, wajua kwamba Ufaransa ilipiga marufuku titani dioksaidi kwenye vyakula mwaka 2020 na Umoja wa Ulaya wote ukafuata 2022? Ilikuwa ikitumika kung’arisha peremende na bazoka kwa jina la E171. Wataalamu wa Ulaya hawakusema imethibitika kuharibu vinasaba. Walisema hawawezi kuondoa uwezekano huo. Marekani bado inairuhusu kwenye chakula kwa kiasi kidogo. Losheni hailiwi, utasema. Mwambie hivyo mtoto wa miezi 8 ambaye ngumi yote imo mdomoni. Kulamba kidogo hakutamdhuru, pengine tumbo lisumbuke, lakini kwa viganja vya mtoto wa umri huo ningechagua losheni yenye zinki peke yake. Tena zinki ina faida nyingine: inakinga vizuri zaidi mionzi mirefu ya UVA, ambayo titani huiachia sehemu.

Titani nayo ina tabia yake. Ikipigwa na jua inaweza kuchochea mabadiliko ya kikemikali kwenye vitu vinavyoigusa, hasa umbo lake liitwalo anatazi. Rutili ni tulivu zaidi. Viwanda huzivika chembe koti jembamba la silika au alumina ili zitulie. Losheni nzuri imefanya hivyo hata kama pakiti haisemi.

Soma nyuma ya kopo, si mbele. Kuna losheni zinazojiita za madini ambazo zimeongezewa viambato vya kusaidia, ndugu wa karibu wa vichujio vya kemikali, vinavyoorodheshwa kati ya viambato visivyo vya kazi. Si haramu, wala si lazima viwe vibaya. Ila aliyelipa bei ya juu ili avikwepe ana haki ya kuviona. Manukato ni kiambato kingine ambacho ngozi ya mtoto haikihitaji kabisa, na kinaweza kuiwasha. Tanzania, ukaguzi wa vipodozi uko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019. Kenya ni KEBS. Kopo lisilo na alama, lisilo na tarehe ya kuisha muda, libaki kwa muuzaji.

Je, wajua kwamba mafuta ya nazi hayakingi jua kwa kiwango cha kutegemewa? Wala mafuta ya mgando. Yote mawili ni mazuri kwa ngozi kavu, na bibi zetu hawakukosea kuyapaka baada ya kuoga. Lakini kumng’arisha mtoto kwa mafuta kisha kumpeleka ufukweni Coco Beach, Dar es Salaam, saa 7 mchana ni kumpeleka bila kinga.

Na wanja? Huo ndio unga wa madini wa kuogopa. Wanja wa asili huweza kuwa na risasi nyingi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua. Inashangaza kidogo kwamba kuna nyumba wanazojadili usalama wa zinki huku macho ya kichanga yamepigwa wanja mweusi tii.

SPF, ile namba ya kinga kwenye kopo, haraka haraka: ya 15 huzuia takribani asilimia 93 ya mionzi ya UVB, ya 30 asilimia 97, ya 50 asilimia 98. Baada ya 30 unalipia asilimia 1. Namba hizo hupatikana maabara kwa miligramu 2 kila sentimita mraba ya ngozi, na watu wengi hupaka nusu ya hapo au pungufu. Paka dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, rudia kila saa 2 na kila baada ya kuoga majini, osha jioni. Losheni mpya ijaribiwe kwanza kwenye kipande kidogo cha mkono, ungoje kesho.

Je, wajua kwamba jua la saa 1 asubuhi, lile la kumwotesha mtoto, lina UVB kidogo mno? Na UVB ndiyo inayotengeneza vitamini D. Kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, mionzi hiyo imedhoofika. Halina madhara, linachangamsha, lakini halitegemewi kuzuia matege. Ndiyo maana madaktari wa watoto wa Marekani wanataka anayenyonya maziwa ya mama peke yake apewe matone ya vitamini D, yuniti 400 kwa siku. Kumwanika mtoto saa 6 mchana ili “apate vitamini” ni jibu baya kwa swali zuri.

Wingu si paa: hadi asilimia 80 ya mionzi ya UV inaweza kupita kwenye wingu jepesi. Mchanga mkavu wa pwani hurudisha kama asilimia 15, povu la bahari asilimia 25. Ukipanda mita 1,000, mionzi huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12, hivyo baridi ya Nairobi au Arusha isikudanganye. Mwavuli pia una mipaka yake. Huko Texas watu wazima 81 walikaa kando ya ziwa kwa saa 3 na nusu, wengine chini ya mwavuli, wengine na losheni ya SPF 100. Waliounguzwa jua walikuwa asilimia 78 upande wa mwavuli na 25 upande wa losheni. Mionzi huingia kutoka pembeni, kutoka angani kote. Kivuli cha mwembe mnene au cha kibaraza kinashinda mwavuli kwa mbali, na kofia yenye ukingo mpana pamoja na nguo iliyofumwa kwa kubana inashinda khanga nyepesi, hasa khanga iliyolowa. Khanga usiitundike kufunika kigari cha mtoto pia; ndani hupanda joto upesi.

Sasa swali ambalo wazazi wa huku huuliza kwa haki: mtoto mweusi anahitaji haya yote? Si yote. Melanini ya ngozi nyeusi ina kinga yake. Kipimo cha 1979 kilichonukuliwa sana kiliilinganisha na SPF ya takribani 13, huku ngozi nyeupe ikipata kama 3. Lakini kichanga huzaliwa kabla rangi yake haijakolea, ndiyo maana mabibi hukagua masikio kutabiri atakuwa mweusi wa namna gani, na rangi huendelea kuongezeka miezi ya mwanzo. Kivuli, kofia na nguo vinamtosha siku nyingi za maisha yake, bila losheni ya bei ya kilo kadhaa za nyama. Siku ya kushinda ufukweni, ikiwa keshavuka miezi 6, mpake.

Mtoto mwenye ualbino habari yake ni nyingine kabisa. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa zaidi ni mtu 1 kati ya 1,400, kiwango cha juu kuliko sehemu nyingi za dunia. Kwake hakuna melanini ya kumwokoa, na saratani ya ngozi, ambayo kwa wengine ni ugonjwa wa uzeeni, humjia kijana ikiwa hakukingwa tangu mdogo. Madhara ya jua hujumlishwa. Hayaanzi siku ya kwanza ya shule. Huyu ndiye anayestahili mjadala wa zinki na titani kuliko mtoto yeyote: kivuli na nguo za mikono mirefu tangu siku ya kuzaliwa, losheni kila siku akishafikisha miezi 6, na kabla ya hapo pale tu ngozi haiwezi kufunikwa. Mama akimbeba mgongoni, kichwa, masikio na nyuma ya shingo ndivyo hubaki wazi, na ndivyo husahaulika.

Je, wajua kwamba losheni ya mtoto huyu inatengenezwa Moshi? Katika hospitali ya KCMC, ambako pia kuna kituo cha kanda cha kufundisha madaktari wa ngozi kilichoanza 1992, mfamasia wa Kihispania Mafalda Soto Valdés alianzisha utengenezaji wa Kilisun, losheni iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino na kugawiwa bure. Kenya, serikali hutoa losheni kupitia Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu. Mzazi aliyejifungua mtoto mwenye ualbino aulize kliniki ya ngozi ya hospitali ya mkoa au ya kaunti mapema, kabla ya miezi 6 kutimia, ili kopo la kwanza likute umri umefika.